Jean de Heinzelin: Mwanajiolojia aliyefukua mfupa wa hesabu wa Ishango

Kusini-magharibi mwa Bwera, mji wa mpakani ulio katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward na kuanza safari yake kuelekea Ziwa Albert. Mahali hapo, upande wa Kongo, huitwa Ishango. Ndipo Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alipofukua, mwaka 1950, mfupa uliozusha mjadala ambao haujakwisha hadi leo.

De Heinzelin, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa mwanajiolojia. Hakuwa wa kwanza kuvutiwa na Ishango, kwani mwaka 1935 Hubert Damas alikuwa ameokota huko vyusa vya mfupa. Lakini ni yeye aliyechimba kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, hadi akakuta chini ya majivu ya volkano masalia ya makazi ya wavuvi wa kale.

Miongoni mwa masalia hayo kulikuwa na mfupa wa urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha yake. Ulikuwa umechanjwa alama 168 katika safu tatu. Safu moja ilikuwa na mafungu ya 11, 13, 17 na 19, zote zikiwa namba tasa. Katika safu nyingine, fungu la 3 lilifuatwa na la 6, na la 4 likafuatwa na la 8. De Heinzelin aliamini kuwa wavuvi hao walijua kuhesabu, na kwamba huenda maarifa yao yalifika hadi Misri. Baadaye Alexander Marshack aliona katika alama hizo kalenda ya mwezi. Wengine wanasema zilichanjwa tu ili mfupa usiteleze mkononi.

Umri wa mfupa nao ulizua utata. Kipimo cha kaboni kilichofanywa kwa makombe ya ziwani kilionyesha takriban miaka 21,000. De Heinzelin alikikataa, akihofia kuwa kaboni kongwe katika maji ya ziwa ilikuwa imekipotosha, akakadiria umri mdogo zaidi. Kuanzia miaka ya 1980, uchunguzi wa Alison Brooks na wenzake ulionyesha kuwa kipimo kile cha awali hakikuwa mbali na ukweli. Tahadhari yake ilikuwa imewapunguzia wavuvi wa Ishango maelfu ya miaka ya historia yao.

De Heinzelin alifariki mwaka 1998. Mwaka uliofuata ilichapishwa kazi yake na wenzake kuhusu mifupa ya wanyama ya Ethiopia, yenye umri wa miaka milioni 2.5 na alama za kukatwa kwa zana za mawe.

Mfupa wa Ishango ulichukuliwa enzi za ukoloni, na hadi sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Brussels. Wavuvi wa Katwe na wa Ishango wangali wakitupa nyavu katika ziwa lilelile, lakini anayetaka kuziona alama za waliowatangulia hana budi kusafiri hadi Ulaya.