Hermann Ebbinghaus, mtu aliyepima kusahau

Mwanafunzi wa Katana anayekesha na madaftari usiku mmoja mbele ya Exetat pengine hajawahi kusikia jina la Hermann Ebbinghaus. Lakini Mjerumani huyu ndiye alionyesha kwa hesabu sababu masomo ya namna hiyo yanatoka kichwani haraka.

Alizaliwa mwaka 1850 huko Barmen, mtoto wa mfanyabiashara. Masomo yake yalikatwa na vita kati ya Prussia na Ufaransa mwaka 1870, akapata udaktari mwaka 1873. Kisha akazunguka Uingereza na Ufaransa, akifundisha ili apate riziki. Huko, katika duka la vitabu vya zamani, alikuta kitabu cha Gustav Fechner juu ya kupima hisia. Akajiuliza: na kumbukumbu je?

Hakuwa na maabara wala watu wa kuwajaribu, basi akajijaribu mwenyewe. Alitunga silabi karibu 2300 zisizo na maana yoyote. Alizisoma kwa mwendo wa saa ya mfukoni mpaka azitaje zote bila kukosa, akangoja, akajifunza tena, akahesabu muda aliookoa. Alifanya hivyo mwaka 1879 na 1880, halafu tena 1883 na 1884! Mwingine angechoka juma la kwanza.

Matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1885. Baada ya dakika 20, kujifunza upya kulimwokolea asilimia 58 ya kazi. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, bado 21. Kumbe kusahau kunakimbia mwanzoni, kisha kunatembea polepole. Tena aliona kwamba kurudilia mara 38 kwa siku tatu kulimletea faida sawa na mara 68 za siku moja.

Ndiyo maana programu za masomo kwenye simu hurudisha swali lile lile leo, kesho kutwa, juma lijalo. Wafanyabiashara nao wanagawanya matangazo yao kwa siku nyingi. Ila wengine wanadanganya watu kidogo: wanasema mteja husahau karibu kila kitu kwa siku moja, kumbe hesabu ile ni ya silabi tupu, tena za kichwa kimoja. Ebbinghaus mwenyewe alijifunza pia mashairi ya Byron, na yalimtaka karibu sehemu moja ya kumi tu ya juhudi, kwa sababu yana maana.

Berlin hawakumpa uprofesa kamili. Mwaka 1894 alihamia Breslau, na huko akatunga jaribio la watoto wa shule: sentensi zenye nafasi wazi za kujaza, kama zile zinazoandikwa hata leo ubaoni kwenye shule za msingi. Nimonia ilimuua huko Halle mwaka 1909, akiwa na miaka 59.