Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: Kutoka Utumwani hadi Uongozi, na Somo la Kuishinda Nafsi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, dhambi ya Iblis ilikuwa ni kibri. Aliamrishwa kumsujudia Adam akakataa, kwa hoja kwamba yeye ameumbwa kwa moto na Adam kwa udongo. Alitazama asili, akajiona bora. Maradhi hayo hayo yaliwapata wanadamu, nasi katika nchi yetu tuna historia yake ndefu. Leo tunamkumbuka mja mmoja ambaye maisha yake yanatufundisha namna ya kuyatambua: Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya (Allah amrehemu).

Njia iliyopita Tabora

Anayeswali leo Gongoni, Tabora mjini, anaishi katika mji uliokuzwa na misafara. Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kituo kikuu baina ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo misafara ilipumzika na kutafuta wapagazi wapya. Mingine iliendelea hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, mashariki ya Kongo. Kutoka huko zilikuja pembe za ndovu, na pia watu waliotekwa. Kutoka Ujiji hadi pwani ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na watu waliutembea kwa miguu.

Yahya alikuwa miongoni mwa watoto waliotolewa Kongo na kufikishwa pwani wakiwa watumwa. Bagamoyo aliishi katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu mwenye mali na cheo. Mji wa wakati ule ulikuwa na daraja zake. Kulikuwa na waungwana na kulikuwa na watumwa, na mtu wa bara aliitwa mshenzi hata kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa Manyema asiye na ukoo pwani alikuwa chini ya wote hao. Aliitwa bin Abdallah, na kwa hakika kila mwanadamu anastahiki kuitwa hivyo, kwani sote ni waja wa Allah.

Riziki na elimu

Yahya hakubaki pale alipowekwa. Aliuza samaki, akaendelea na biashara ya nazi, hatimaye akamiliki mashamba. Lakini hakuifanya mali kuwa mwisho wa safari yake. Alitafuta elimu ya dini kwa wanazuoni waliokuwapo, akiwemo Sheikh Abu Bakr bin Taha al-Jabri wa Barawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipewa ijaza katika Twariqa ya Qadiriyya, akawa khalifa wake Bagamoyo. Alisomesha, akaongoza dhikri, na Maulidi ya Bagamoyo ikawa ni mkusanyiko wa watu kutoka miji mingi. Mwaka 1916, Waingereza walipouteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, walimteua kuwa liwali.

Tuzingatie jambo hili. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Yaani mtu aliyeletwa mtumwa alikuwa tayari ni mwalimu wa mji, na amekwisha kupewa uliwali, kabla sheria haijaufuta utumwa wenyewe.

Mitihani mitatu ya nafsi

Hatumtakasi mtu mbele ya Allah, na ya moyoni anayajua Yeye peke yake. Lakini katika yale yaliyodhihiri tunaona mitihani mitatu.

Wa kwanza ni mtihani wa kudharauliwa. Wengi hudhani kibri ni maradhi ya wakubwa tu. La, aliyedhulumiwa naye hushikwa. Nafsi humwambia kwamba kwa kuwa ameumizwa, hana wa kumsikiliza wala wa kujifunza kwake. Ramiya alikaa mbele ya walimu, katika mji uliomjua kama mtumwa, akasoma.

Wa pili ni mtihani wa kupanda. Mali, ijaza na cheo vyote vilimfikia. Hapa ndipo nafsi inapobadilisha nguo: jana ilisema mimi tajiri, leo inasema mimi mchamungu. Kujiona kwa ibada ni kugumu kutambulika kuliko kujiona kwa mali, kwa sababu kunavaa kanzu. Njia ya Qadiriyya imejengwa juu ya dhikri ya jamaa, ambamo aliyekuwa bwana na aliyekuwa mtumwa hukaa duara moja. Asiyeivua nafsi yake hapo, hana faida na duara.

Wa tatu ulikuwa wa wengine. Waungwana waliotaka elimu iliwabidi wapige magoti mbele ya mtu ambaye zamani angewabebea mzigo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Aliyeikataa haki kwa sababu ya kinywa kilichoitamka, ameshaanguka.

Tujipime

Ndugu Muislamu, ukitaka kuijua nafsi yako, jiulize: ukikosolewa na kijana au na mtu asiye na jina, unaangalia alichosema au unamwangalia yeye? Akiposa binti yako mtu mwema wa kabila unalolidharau, unauliza dini yake au babu zake? Usipotajwa kwenye kamati ya msikiti, bado utafagia msikiti huo? Majibu yako ndiyo kipimo. Na dawa ni kumrejea Allah kwa toba, kumhudumia uliyekuwa ukimdharau, na kudumu katika kutafuta elimu.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliendeleza kazi yake Bagamoyo. Zile nasaba ambazo watu walijivunia mbele ya mtoto wa Manyema, leo wachache wanazikumbuka. Yeye bado anaombewa dua.

Tunamuomba Allah amrehemu, atusafishe nyoyo zetu na kibri, na asitufanye miongoni mwa wanaojiona. Amin. Wallahu a'lam.