Florence Nightingale, mwanamuke aliyehesabu wafu ili wazima wapone

Watu wengi wanamujua Florence Nightingale kwa sababu ya taa. Wanasema: ni ule mama aliyetembea usiku katikati ya vitanda vya askari, taa mukononi. Ni kweli, alifanya vile. Lakini taa peke yake haikuponyesha watu. Kitu kilichoponyesha watu wengi ni hesabu yake, na habari ile haijulikane sana.

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 1820 ku muji wa Florence, katika inchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenyi mali mingi, wakamupa jina la ule muji. Baba yake mwenyewe alimufundisha nyumbani: luga za zamani, historia, na tena hesabu, masomo ambayo wasichana wa wakati ule hawakuyapata sana. Alipokuwa na miaka 16, alisikia moyoni kama Mungu anamuita kwa kazi fulani. Kisha akatambua kazi yenyewe: kutunza wagonjwa.

Mama yake na dada yake walikasirika kabisa. Siku zile, ku Uingereza, kutunza wagonjwa ilikuwa kazi ya wanawake masikini, na watu waliwatukana kama ni walevi. Mutoto wa tajiri kwenda kule, ilikuwa haya kwa jamaa yote. Florence alingoja miaka mingi. Mwanaume mwenyi jina kubwa alitaka kumuoa, akakataa. Asubui sana, mbele wengine hawajaamuka, alisoma ripoti za hospitali. Mwaka 1851 alijifunza kazi miezi mitatu ku Kaiserswerth, katika Ujerumani. Mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake ku London.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa wanapigana na Urusi ku Crimea. Askari Waingereza wenyi vidonda na magonjwa walipelekwa kwa merikebu mupaka Scutari, ngambo ya Constantinople. Magazeti yakaandika namna walivyoachwa bila matunzo. Minisitri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, akamuomba aende. Alifika tarehe 4 mwezi wa 11 pamoja na wauguzi 38. Wamoja wao walikuwa masera.

Kule walikuta mateso. Wagonjwa walilala chini mistari kwa mistari, chawa na panya kila pahali, vyoo vimeziba. Waganga wa jeshi hawakufurahi kumuona. Yeye hakubishana, alingoja mupaka wao wenyewe wakamuita. Alinunua sabuni, burushi na mashati. Alitafuta nyumba ya kufulia, na wake wa askari wakachemsha nguo za wagonjwa.

Walakini watu waliendelea kufa. Katika mwezi wa pili wa mwaka 1855, kwa kila wagonjwa 100, zaidi ya 40 walikufa. Mwezi wa tatu serikali ikatuma watu wa usafi kutoka Uingereza. Wakasafisha mifereji ya maji ya chafu iliyopita chini ya hospitali, wakaondoa mizoga, wakapaka chokaa, wakafungulia hewa njia. Ku mwezi wa sita, wafu walibakia kama 2 tu kwa 100.

Vita ikaisha, Florence akarudi ku Uingereza mwaka 1856. Wote walimusifu, lakini yeye hakutaka sifa. Alitaka kujua: askari wetu walikufa juu ya nini? Ku Scutari alikuwa amekuta vitabu vitatu vya wafu, na kila kimoja kilikuwa na hesabu yake, hakuna viwili vilivyopatana. Sasa akakaa pamoja na William Farr, fundi wa hesabu za vifo, wakapanga yote mwezi kwa mwezi.

Hesabu ikasema wazi. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 1855, askari 2,761 waliuawa na magonjwa ya kuambukiza, na 83 tu na vidonda vya vita. Adui mukubwa hakuwa Murusi, alikuwa uchafu. Na hospitali yenyewe, mule Florence alimotumika na moyo wote, ilikuwa moja ya mahali pa kufia. Kwanza aliwaza kama shida kubwa ni chakula na nguo kukosekana. Hesabu ilipoonyesha kama mifereji na hewa mbaya viliua sana, aliipokea, hata kama ilimuumiza.

Wakubwa wengi hawakupenda kusoma mistari ya tarakimu. Njo maana mwaka 1858 alichora picha ya mviringo yenyi rangi, sawa maua: kila mwezi na kipande chake, na rangi ya magonjwa ikipita zingine zote. Mwaka ule alikuwa mwanamuke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wenyi kujua takwimu ku London. Alionyesha tena kama hata wakati wa amani, ku kambi za Uingereza, askari vijana waliochaguliwa kwa afya yao walikufa karibu mara mbili kupita raia wa umri wao. Kambi zikaanza kutengenezwa: maji, hewa, nafasi ya kulala.

Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya kutunza wagonjwa, na mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi ku hospitali ya St Thomas, London. Pale msichana alifundishwa kuangalia mugonjwa vizuri na kuandika anachoona, si kile anachowaza. Aliomba pia hospitali zote zihesabu wagonjwa wao kwa namna moja, ili watu waone matunzo gani yanasaidia na gani hayasaidie.

Yeye mwenyewe alikuwa mugonjwa miaka mingi, akatumika kitandani kwa barua na ripoti. Mwaka 1907 mufalme wa Uingereza akamupa heshima ambayo hakuna mwanamuke aliyeipata mbele yake. Alikufa tarehe 13 mwezi wa munane mwaka 1910, akiwa na miaka 90. Siku ya kuzaliwa kwake njo siku ya wauguzi katika dunia yote.

Basi, wababa na wamama, muuguzi akikuuliza homa ilianza siku gani na mutoto amehara mara ngapi, usiseme anakupotezea wakati. Mujibu sawasawa. Ile karatasi anayoandika ni dawa pia.