Santiago Ramón y Cajal: Mtoto Mtukutu Aliyetambua Jinsi Neva Inavyokua

Ukipita kando ya mawe makubwa ya hapa Singida utaona mizizi ya miti iliyopenya kwenye nyufa. Hukuiona ikisogea, lakini unajua ilitafuta njia. Santiago Ramón y Cajal aliifahamu neva inayokua kwa namna hiyohiyo.

Alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, Hispania. Baba yake, Justo, alikuwa tabibu aliyejisomesha kwa taabu, naye alitaka mwanawe awe daktari. Mtoto alitaka kuchora. Baba alikataa katakata, na Santiago akazidi utukutu. Akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga, akavunja lango la jirani, akawekwa mahabusu. Baba akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ajifunze kazi. Mwaka 1868 mzee alibadili njia: alimfundisha anatomia kwa mifupa ya wafu, na kijana akaichora. Kipaji kilichokataliwa kikawa mlango wake wa udaktari, aliouhitimu Zaragoza mwaka 1873.

Alipelekwa Kuba kama daktari wa jeshi, akarudi amedhoofishwa na malaria. Kwa akiba yake alinunua hadubini. Mwaka 1887 alionyeshwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi, ya kutumia chumvi ya madini ya fedha kutia rangi nyeusi seli chache tu, zikaonekana nzima. Golgi aliamini kwamba neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal alitumia mbinu hiyohiyo kwa viinitete vya kuku, ambavyo neva zake hazijasongamana, akaona kila seli ni ya peke yake. Mwaka 1889 alibeba slaidi zake hadi Berlin, wataalamu wajionee wenyewe.

Mwaka 1890 alieleza juu ya ncha ya neva inayokua, akaiita koni ya ukuaji. Mbele yake palikuwa na vipande vilivyokufa, visivyotikisika. Hata hivyo, alitambua kwamba ncha ile husafiri. Wengi walibisha. Mwaka 1906 yeye na Golgi walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kumpinga. Mwaka uliofuata, Mmarekani Ross Harrison aliitazama neva hai ya kiinitete cha chura ikirefuka.

Ila Cajal hakuona kinachoisukuma neva kutoka ndani. Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka 1985 watafiti walitambua kinesini katika neva za ngisi: protini inayotembea juu ya vijibomba vya ndani ya seli, ikibeba mizigo. Vijibomba hivyo ndivyo kiunzi cha neva. Baadaye ilionekana kwamba kinesini husukuma hata vijibomba vyenyewe neva inapoanza kuchipua, na protini nyingine, dinaini, husaidia kuvipanga vielekee upande mmoja. Bila mpangilio huo, mizigo isingefika kwenye ncha.

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kutoka kwenye tokeo kwenda kwenye chanzo. Cajal alifanya hivyo kwa kalamu na hadubini, akasema kile tu ambacho ushahidi ulimruhusu, hata alipopingwa na mtu aliyebuni mbinu aliyoitumia. Nanyi wazazi na walezi, mtoto akichora ukutani, mkanyeni. Lakini msimnyang'anye kalamu.