Gustave Flaubert, mwandishi aliyemlea Maupassant

Wengi wanamjua Gustave Flaubert kwa riwaya yake Madame Bovary. Lakini Mfaransa huyo, mzaliwa wa Rouen mwaka 1821, alimlea pia mwandishi mwingine mkubwa: Guy de Maupassant.

Flaubert aliishi Croisset, kando ya mto Seine. Kila siku alikaa mezani hadi usiku wa manane, akiandika, akifuta, kisha akisoma sentensi zake kwa sauti kubwa ili asikie kasoro. Madame Bovary ilimchukua karibu miaka 5.

Maupassant alikuwa karani katika wizara ya jeshi la majini mjini Paris. Mama yake na Flaubert walikuwa marafiki tangu utotoni. Kwa miaka 7 hivi, kijana huyo alimletea mzee mashairi na hadithi. Flaubert alisoma yote, na siku ya Jumapili, wakila pamoja, alimwonyesha makosa. Alimpa pia zoezi: kumtazama mwenye duka aliyekaa mlangoni pake na kumwelezea hata asifanane na mwenye duka mwingine yeyote. Kijana alipolalamika kuwa maisha yanamchosha, mzee alimkaripia, akimtaka apunguze starehe na aandike zaidi.

Mwaka 1880 Maupassant alitoa hadithi Boule de Suif. Flaubert, msomaji mkali, aliisifu sana. Wiki chache baadaye, tarehe 8 mwezi wa tano, alifariki ghafla, riwaya yake ya mwisho ikiwa haijakamilika. Maupassant alikuwa miongoni mwa waliouandaa mwili wake kwa mazishi.