Szilard na Mrija wa Kufurikia

Leo Szilard tunamsikia kwenye fizikia, habari za bomu la atomi. Ila wenzetu wa bayoteknolojia wanatumia kazi yake kila muhula bila kumtaja.

Alizaliwa Budapest mwaka 1898. Mwaka 1933, akiwa London baada ya kuwakimbia Wanazi, alipata wazo zito: neutroni moja ikigonga kiini cha atomi zikatoka mbili, mbili zitaleta nne, na hapo hakuna breki. Mwaka 1939 ndiye aliyemshawishi Einstein amwandikie Rais Roosevelt. Julai 1945 huyohuyo akakusanya saini za wanasayansi, jumla 70 pamoja na yake, kuomba Japani ipewe kwanza nafasi ya kusalimu amri. Wapi! Agosti Hiroshima ikateketea.

Vita ilipoisha akahamia kwenye bakteria. Mimi naona hakubadilisha swali, alibadilisha chombo tu: kitu kinachozaana, unakishikaje? Mwaka 1950 yeye na Aaron Novick, huko Chicago, wakatangaza kemostati. (Jacques Monod wa Paris alifika hapohapo mwaka uleule, kwa njia yake.)

Chakula cha bakteria kinadondoka chomboni kwa kasi isiyobadilika, kirutubisho kimoja kikiwa kimebanwa makusudi. Ubavuni kuna mrija wa kufurikia: tone likiingia, tone linatoka na bakteria wake, kwa hiyo usawa wa maji haupandi wala haushuki. Chombo kikiwa na lita moja na ukaingiza robo lita kwa saa, bakteria watakua kwa 0.25 kwa saa, watake wasitake. Wakizembea wanasombwa, wakikimbia, chakula kinawaishia.

Sasa povu lizibe ule mrija. Maji yakifika lita mbili, pampu ileile inakupa 0.125, na wewe bado unaandika 0.25 daftarini. Chombo kinaonekana kizima kabisa, data ni uongo mtupu. Ndiyo maana wengine hupima uzito wa chombo chote, maana povu hulaghai kipima-usawa kirahisi kuliko mizani.

Kwa chombo hicho Szilard na Novick waligundua kwamba, tryptofani ikibanwa, mabadiliko ya kijenetiki yalifuata saa, si idadi ya mara bakteria walizogawanyika.

Baadaye alipata kansa ya kibofu, akajipangia mwenyewe tiba ya mionzi, akapona. Moyo ndio uliomchukua, La Jolla, California, mwaka 1964.