Kinjikitile Ngwale: Maji na Umoja

Katika milima ya Upangwa, juu ya Lupingu na Ziwa Nyasa, Vita vya Maji Maji viliacha njaa na makaburi. Aliyeviwashia moto alikuwa mtu wa mbali, wa Ngarambe katika nchi ya Rufiji, jina lake Kinjikitile Ngwale.

Wazee husimulia kwamba mwaka 1904 alizama mtoni, akatoka kesho yake na nguo kavu, akitangaza kwamba ametumwa na pepo Hongo. Siku hizo Wadachi waliwalazimisha watu kulima pamba kwa ujira mdogo, na kiboko kilikuwa juu yao. Kila kabila lililia peke yake. Kinjikitile aliona kwamba udhaifu wao ulikuwa hapo. Akafundisha kwamba Mmatumbi, Mngindo na Mzaramo ni watu wa nyumba moja, na kwamba hakuna mgeni aliyezaliwa na haki ya kuwatawala. Kisha akawagawia maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi zingegeuka maji.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro, lakini fundisho lake likaendelea bila yeye. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa safarini. Mwezi wa Septemba misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa. Wadachi nao wakachoma mashamba na maghala. Serikali yao yenyewe ilikiri vifo 75,000. Wataalamu wengi wa historia wanataja idadi kubwa zaidi.

Tuseme nini basi? Yatupasa kupambanua. Fundisho la umoja na haki lilikuwa kweli. Ahadi ya maji ilikuwa uongo, na walioilipia ni wale walioiamini. Tena kuwaua wasio na silaha hakuhesabiwi haki kwa sababu ya dhuluma ya mtu mwingine.

TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, iliushika umoja ule ule, ikayaacha maji na mikuki. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru pasipo vita.

Nasi tumkumbuke Kinjikitile kwa heshima na kwa tahadhari. Kiongozi akitaka kuwaunganisha watu, awape ukweli. Ukweli hauhitaji dawa.